Mashine yenyewe ni friji tu, kazi iko kwenye shimo

Kila mgeni wa Kibongo akiingia karakana yangu wakati wa baridi anafanya kitu kilekile, anavua glovu, anaangalia juu kwenye paa kutafuta hita, haioni, anageuka nyuma ya mlango, hamna, alafu ndo anauliza "sasa we mzee moto unautoa wapi?" Nje nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani nyuzi 16, sio moto wa kuvua shati ila vidole vinashika spana bila kulia. Namwambia umeukanyaga. Anaangalia miguu yake.

Niko Minnesota, mwaka wa kumi na moja huu, ila kazi niliyokulia ni friji. Nilianza Kariakoo nikiwa kijana wa kushika tochi na kukimbilia chai, mpaka nikaanza kuachiwa kuchomelea mwenyewe, na nasema wazi kwamba fundi friji yeyote aliyekaa pale miaka mitatu anaijua hii mashine ya kupasha nyumba joto wanayoiuza huku kwa bei ya kiwanja, heat pump, yaani pampu ya joto, tatizo hajaambiwa tu kwamba anaijua.

Manake friji haitengenezi baridi. Friji inahamisha joto. Mchicha na maji na ubwabwa wa jana vina joto lao, gesi inalichukua kule ndani inalipeleka nyuma, ndo maana mgongo wa friji unachoma na paka analala huko. Sasa chukua friji hiyohiyo kichwani mwako, ule upande wa baridi uzike kwenye udongo nyuma ya nyumba, ule mgongo uuache ndani ya karakana. Basi. Umemaliza kuielewa, mengine ni mabomba.

Watu wanakwama kwenye udongo. Udongo wa huku mita mbili chini una nyuzi kama 8 hivi, kwetu hiyo ni soda, nani anapata joto kwenye soda? Nina rafiki Mkenya akaniuliza kama nimechimba mpaka kwenye mvuke kama Olkaria. Hapana bwana, Olkaria wanachimba kilomita kabisa kufuata mvuke wa kuzungusha mashine za umeme, toka 1981 wanafanya, ile ni jotoardhi ya kweli. Mimi nimechimba mita mbili. Hapo hamna moto wowote, kuna joto la jua la kiangazi lililojificha, na gesi ikichemka kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri basi udongo wa nyuzi 8 kwake ni jiko. Kompresa inaikandamiza, inatoka upande wa pili inaunguza. Kwa kila yunit moja ya umeme ninayolipia napata yunit tatu na kidogo za joto, yangu nimeipima inakaa kwenye 3.2 ukiweka na pampu za maji. Mwanasayansi Lord Kelvin aliliandika wazo hili mwaka 1852, sio uchawi wa juzi. Na kuna jamaa wa Indianapolis, Robert Webber, miaka ya 1940, inasimuliwa alikuwa anachezea friza yake akagusa bomba la kutokea likamuunguza mkono, akaona kumbe natupa moto bure, akaanza kuupeleka kwenye maji ya kuoga, mwisho akazika mabomba ardhini. Kila fundi friji ameshaunguzwa na bomba lile, ila sisi tulitukana tukaendelea na kazi.

Sasa nilichotaka kusema ni hiki. Wanaume wanaopenda mambo haya wakikutana wanabishana kompresa, skrolu au rotari, gesi gani, vali gani, utadhani ni Simba na Yanga. Mimi nasema kompresa ni mambo ya wikiendi mbili. Kinachoamua kama utapata joto ni shimo, na ukuta wako unavuja kiasi gani, na hivi viwili havina utamu wa kuongea kwahiyo hakuna anayeviongelea.

Nianze na ukuta nimalize haraka. Banda langu ni futi 24 kwa 30, nililikuta na upepo unapita chini ya geti mpaka vumbi la randa linacheza. Kabla sijanunua hata koki moja nilijaza sufi ukutani na darini, nikabadilisha geti, nikaziba kila tundu kwa povu. Nikapiga hesabu ya joto linalopotea siku mbaya kabisa, ikashuka kutoka kama kilowati 14 mpaka 7. Nusu. Maana yake nusu ya mashine na nusu ya mtaro, na mtaro ndo hela.

Haya, mtaro. Hapa Marekani kabla hujachimba unapiga 811, bure, wanakuja watu kupaka rangi kwenye majani na kuchomeka vibendera, nyekundu umeme, njano gesi, bluu maji, machungwa simu na intaneti. Uwanja wangu ulivyomalizwa ulikuwa kama harusi. Nikagundua bomba la gesi linapita palepale nilipokuwa nimepanga kuanzia, yaani kama ningefuata haraka zangu ningewapa majirani hadithi. Alafu kuna habari ya baridi kushuka ardhini, sheria ya ujenzi ya huku inataka msingi uende chini sentimita 107 kusini ya jimbo na 152 kaskazini, kwa sababu juu ya hapo udongo unaganda. Mabomba nayo usiyaweke kwenye udongo unaoganda wenyewe, nikaenda mita mbili.

Nilikodi kijiko kidogo cha kuchimbia siku mbili na kukiendesha mwenyewe, mke wangu alikaa dirishani na chai yake anaangalia kama sinema. Mitaro mitatu, kila mmoja mita 60, bomba jeusi la plastiki la kuzungusha maji linaenda na kurudi, jumla mita 360. Hesabu ya watu wa huku ni kama futi 500 mpaka 600 kwa kila tani moja ya mashine, na tani moja ni kama kilowati 3 na nusu, ila hiyo inategemea udongo, mfinyanzi wenye unyevu unapitisha joto vizuri, mchanga mkavu ni mchoyo. Mimi nina mfinyanzi. Nilifurahi kwenye karatasi, shambani nikalia, kwa sababu siku ya pili ilinyesha, mfinyanzi ukawa ugali, kuta za mtaro wa tatu zikaanza kumeguka, na hapa naomba mtu anisikilize, usishuke kwenye mtaro wa mita mbili ambao kuta zake hujazikinga. Udongo ukikufunika mpaka kifuani huvuti pumzi, haijalishi una nguvu gani. Bomba nililiteremsha kwa kamba na miti mirefu nikiwa juu, na lile bomba lilivyo likitoka kwenye roli linataka kujikunja kama chatu, ukilaza huku linainuka kule, kazi ya saa mbili ikachukua siku nzima mpaka giza. Kabla ya kufukia nikalijaza presha nikaliacha usiku kucha. Geji asubuhi ilikuwa palepale. Hakuna furaha kama hiyo, tena bado sina hata kompresa.

Kompresa niliitoa kwenye AC ya nje ya tani mbili iliyokuwa inatupwa, feni imekufa ila kompresa nzima. Inatumia gesi ya R410A. Hapa kuna sheria, gesi hizi hununui wala hufungui mfumo bila cheti cha EPA, mamlaka ya mazingira ya huku, kile cha 608, na gesi hairuhusiwi kuachiwa hewani, mimi cheti ninacho kwa sababu ya kazi yangu ya mchana. Kwa aliyezoea R22 ya zamani aangalie, R410A kondensa, yaani ule mgongo wa moto, ikiwa nyuzi 45 presha inakaribia psi 380 (psi ndo kipimo cha presha) wakati R22 haifiki 250, kwahiyo ule uchomeleaji wa bora liende unakuumbua. Nikaweka vibadilisha joto viwili vya sahani, humo gesi na maji vinapeana joto bila kuchanganyika, kimoja upande wa ardhini kingine upande wa maji ya sakafuni, vali ya upanuzi ya kushusha presha ya gesi, nikachomelea huku naitrojeni inapita ndani ya bomba ili lisifanye masizi, nikavuta vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu, mpaka maikroni 500 nikaiacha nione kama inapanda. Sakafuni kuna mabomba ndani ya zege na maji yanazunguka kwa nyuzi 35 tu, na hiyo 35 ndo siri ya ile 3.2, ukiidai mashine ikupe maji ya nyuzi 55 kwa ajili ya redieta za kizamani inahema kama punda wa mlimani na bili inakwambia.

Kuna wanaoniambia ningeweka propeni, R290, gesi nzuri, presha ya chini, haiharibu anga. Kweli kabisa, kwenye mashine iliyoundwa kwa ajili yake. Lakini mimi humu ndani nachomelea vyuma, cheche zinaruka mpaka kwenye ndevu, alafu niwe na gesi ya kupikia kwenye bomba nililochomelea mwenyewe saa nne usiku? Hapana, asante.

Sasa aibu yangu. Januari ya kwanza nikawasha, ikaenda wiki tatu safi, nikawa nawapigia watu video call kuwaonyesha sakafu. Asubuhi moja nikaingia nikasikia kompresa inanguruma sauti ya kukoroma, nikagusa bomba la ardhini, halina mtetemo, maji hayatembei. Hewa ilikuwa imejikusanya kwenye pampu. Zile sahani ziliganda, zikapasuka ndani, maji yakaingia kwenye gesi, na maji yakishaingia kwenye gesi kompresa ni marehemu. Nilikaa kwenye ndoo nikaangalia tu.

Makosa yalikuwa matatu na yote yangu. La kwanza, swichi ya kuhisi mtiririko, ile ya kuzima kompresa maji yakisimama, nilikuwa nayo, iko kwenye boksi, nilisema nitaifunga wiki ijayo. La pili, glaikoli ya kuzuia maji yasigande niliiweka kwa kukadiria kwa jicho, nilipokuja kuipima ilikuwa asilimia 12, inaganda kwenye nyuzi 4 chini ya sifuri, wakati nilihitaji 25 inayokwenda mpaka karibu 10 chini. La tatu ndo la kitaalamu na ndo linaniuma, swichi ya presha ndogo, ya kuzima mashine presha ya gesi ikishuka mno, niliiacha ileile ya AC, ile inakata kwenye psi 50, na kwenye psi 50 hiyo gesi tayari iko nyuzi 17 chini ya sifuri, yaani mlinzi anaamka mwizi ameshafika kwao. Sasa hivi iko psi 75. Fundi wa miaka ishirini nzima nimeuliwa na swichi. Ilinigharimu dola 900 kurudisha.

Jumla yote pamoja na msiba huo ni kama dola 5,700. Kampuni walinitajia zaidi ya elfu 20. Kabla hamjakimbilia kukodi kijiko sikilizeni hesabu nyingine. Galoni moja ya propeni ina kama yunit 27 za joto, hita nzuri inakupa 24, nilikuwa nainunua kama dola 2. Yunit 24 hizohizo kwenye mashine yangu zinakula umeme yunit 7 na nusu, kwa senti 15 ni kama dola moja na senti 13. Karakana hii kwa nyuzi 16 usiku na mchana ingekula kama galoni 500 kwa msimu. Kwahiyo naokoa kama dola 435 kwa mwaka, itachukua miaka 13 hela kurudi. Kumi na tatu. Anayekwambia miaka mitatu ujue hajahesabu jasho wala kompresa ya pili.

Mimi sikuifanya kwa hela peke yake. Ile hita ya zamani ya kupuliza moto ilikuwa inamwaga unyevu, randa zangu na tindo zikawa zinashika kutu kila wiki, na ukiizima baada ya nusu saa spana ni barafu. Sakafu ikiwa na joto vifaa vinakaa vikavu, gundi ya mbao inashika, na ukilala chini ya gari mgongo unashukuru.

Na nasema karakana kwa makusudi. Karakana ikifa wikiendi, navaa koti naingia na tochi, hakuna anayenidai maelezo. Nyumba ikifa saa nane usiku nyuzi 25 chini ya sifuri kuna watoto wawili, kuna mabomba ya maji yatakayopasuka, na kuna bima watakaouliza nani alifunga. Mke wangu aliyekuwa anakunywa chai dirishani ameanza kuja kukaa karakana jioni na simu yake, viatu kavua, miguu kwenye zege. Juzi akaniuliza lini naileta ndani. Nikamwambia ndani tutaita kampuni. Akacheka sana, akasema kumbe unajijua. Na mwezi wa tano nina kazi ya kuongeza udongo, ule mtaro wa tatu umetitia, mashine ya kukatia majani inazama kila nikipita.