Chavua Iliyohifadhiwa: Tuamini Rangi au Mrija?

Mtende dume mara nyingi huchanua kabla mtende jike haujawa tayari, na ndiyo maana wakulima wa tende wamezoea tangu kale kuiweka chavua kando hadi maua ya jike yafunguke. Wanaozalisha aina mpya za matunda hupata shida hiyohiyo wanapotaka kuoanisha miti miwili isiyochanua wakati mmoja. Kuhifadhi kunawezekana. Ugumu uko siku ya kuitumia: utajuaje kwamba chavua ingali hai?

Njia nyepesi ni kupaka rangi. Unadondosha asetokamini, rangi nyekundu ya maabara, kwenye chavua iliyo juu ya slaidi, unasubiri dakika chache, kisha unahesabu kwa hadubini punje zilizonona na kushika wekundu, na zile zilizosinyaa zikabaki hazina rangi. Rangi ya Alexander, mchanganyiko wa rangi uliochapishwa na mtafiti wa jina hilo mwaka 1969, hutenganisha vizuri zaidi, kwa kuwa punje tupu huonekana za kijani. Ukitaka kujua kama mti wenye seti tatu za kromosomu, mfano mtufaa wa Bramley, unatoa chavua ya maana, sioni sababu ya kuhangaika na kingine.

Kwa chavua iliyotoka kwenye friza, hapo napinga. Rangi hizi zinaonyesha kuwa punje iliumbwa ikakamilika. Punje iliyokamilika kisha ikafa ghalani bado ina kiini na ute wake, hivyo inaweza kung'aa wekundu kama iliyo hai. Mtu anaweza kusoma asilimia 90, akachavusha bustani nzima, na asipate tunda.

Kuotesha, yaani kuiweka chavua kwenye mchanganyiko wenye sukari ili punje hai itoe mrija, ule ambao ndani ya ua hulifikia yai, kunadai ushahidi mzito zaidi. Watafiti Brewbaker na Kwack walitoa mwaka 1963 mchanganyiko unaotumika hadi leo: sukari asilimia 10, asidi ya boriki, nitrati ya kalsiamu, salfati ya magnesi na nitrati ya potasi. Kwa kawaida punje huhesabiwa imeota mrija wake unapozidi kipenyo cha punje yenyewe. Wanaoukosoa utaratibu huu wana hoja ya kweli. Kiwango cha sukari kinachoifaa tufaa si lazima kiifae embe, joto la chumba hubadili matokeo, na punje chache zilizotawanyika huota vibaya kuliko zilizosongamana. Brewbaker na Kwack wenyewe walionyesha kuwa kalsiamu ndiyo inayosaidia hapo.

Kosa linaloniuma zaidi, hata hivyo, hutendwa kabla ya kuotesha. Chavua iliyokaushwa ikitumbukizwa ghafla kwenye kimiminika, utando wa seli huvuja kabla haujajipanga upya, na punje iliyovumilia miezi ya baridi inafia mikononi mwa mpimaji. Ilihitaji kwanza kukaa kwenye hewa yenye unyevu, saa moja au zaidi. Asiyelijua hili huandika sifuri na kutupa chavua nzuri.

Uhifadhi wenyewe unanipa matumaini. Chavua ya miti mingi ya matunda ina seli mbili, na kwa kawaida huvumilia kukaushwa kuliko ile ya seli tatu kama ya nyasi. Ikikaushwa kwa jeli ya silika, chembe zinazofyonza unyevu, hukaa wiki kadhaa kwenye friji ya nyuzi 4. Katika nyuzi 20 chini ya sifuri, chavua ya matufaa na mapea hufika mwaka na kupita. Na naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, huitunza miaka mingi. Igawe katika vichupa vidogo, maana kuigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara kunaiua.

Bado mrija mrefu kwenye sahani si ahadi ya tunda. Cheri tamu nyingi hukataa chavua yenye jeni za S, zile zinazoamua chavua ipi ikubaliwe, zinazofanana na zake, hata kama iliota vizuri mno maabara. Na hakuna rangi wala sukari itakayoonyesha virusi vinavyosafiri ndani ya chavua, kama kile cha madoa ya pete kinachosumbua jamii ya cheri na plamu.

Kwa hiyo mimi ningeotesha, tena mara mbili: siku chavua inapokusanywa, na siku inapotolewa. Bila hesabu ile ya kwanza, asilimia 30 ya leo haiwezi kusema kama friza ndiyo iliyoharibu au mti ulitoa chavua dhaifu tangu mwanzo.