Mtu Aliyegeuza Uso Kwenye Mwanga

Picha ya vita ninayoithamini kuliko zote haina bunduki, moshi wala maiti. Ina mtu mmoja tu, kapigwa kwa upande, nyeusi na nyeupe. Shavuni na kichwani ana makovu marefu ya panga, na mkono wake umegusa koo. Hatazami kamera. James Nachtwey, mpigapicha wa Kimarekani, aliipiga Rwanda mwaka 1994 katika hospitali ya Msalaba Mwekundu, na ndiyo iliyotunukiwa na World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari, kuwa picha bora ya mwaka ule.

Msomaji wa Ulaya huenda akahitaji maelezo chini yake ili aelewe nini kilimpata mtu huyu. Sisi hatuyahitaji. Panga liko karibu kila nyumba ya shamba huku kwetu: ndilo la kukatia migomba, kufyekea, kuchanjia kuni. Ukiyaona makovu yale unakijua chombo, unaujua uzito wake mkononi, na unajua kuwa aliyelishika alisimama karibu kiasi cha kusikia pumzi za anayemkata. Mwenye bunduki anaweza kuua mtu ambaye hata sura yake haioni. Mwenye panga hawezi.

Wengi wakiiona kwa mara ya kwanza hudhani ni Mtutsi. Hapana, ni Mhutu. Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu, walimshuku kuwa upande wa Watutsi, wakamfanya walivyomfanya. Hapo ndipo picha hii inaponishika, kwa sababu mpaka leo bado nasikia mauaji ya kimbari ya Rwanda yakielezwa kama ugomvi wa makabila mawili yaliyochukiana tangu enzi, kana kwamba hakuna aliyepanga wala aliyekataa. Uso huu unaikanusha hadithi hiyo. Waliopanga kuwamaliza Watutsi walijua kwamba lazima pia wawanyamazishe Wahutu wasiokubaliana nao. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994 walimuua Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, naye Mhutu, na wanajeshi 10 wa Ubelgiji waliokuwa wakimlinda nao wakauawa siku hiyohiyo. Huyu wa kwenye picha hakuwa waziri. Alikuwa mtu wa kawaida, na kushukiwa tu kulitosha.

Nachtwey amesimulia kwamba mtu huyo alikuwa ametoka tu kuokolewa kutoka kambi ya mauaji. Alimruhusu ampige picha kwa muda mrefu, na akageuza uso wake kwenye mwanga, kama anayetaka aonekane vizuri zaidi. Tangu nilijue jambo hilo, siioni tena kama kazi ya mtu mmoja. Picha nyingi za vita huchukuliwa kwa watu wasioulizwa: wanakimbia, wanalia, wamelala chini hawana la kusema. Huyu alichagua. Alijua makovu yake yatasema nini, akayapeleka kwenye mwanga yakaseme.

Na ni makovu, si damu. Damu ingetufanya tufumbe macho au tufungue ukurasa mwingine. Kovu unaweza kulitazama ukalifuata lilikoanzia hadi lilikoishia, ukahesabu mapigo, ukatambua kwamba haikuwa mara moja. Vilevile linakwambia kuwa mwenyewe yu hai na atakutana na uso huo kila ajitazamapo.

Kuna wanaosema picha kama hizi hazina faida, kwa kuwa hazikuzuia kitu. Ni kweli hazikuzuia. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama liliamua kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda hadi 270. Maiti zilikuwa zikishuka na mto Kagera mpaka Ziwa Victoria, na wanakijiji wa upande wa Uganda wakawa wanazika watu wasiowajua. Mwishoni mwa mwezi huohuo, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa siku moja hivi. Dunia iliyaona yote hayo. Kwa hiyo aliyeshindwa ni mwenye uwezo wa kutenda, si picha. Kazi ya picha hii ni ushahidi, sawa na ule uliotolewa kwa miaka mingi mbele ya majaji wa mahakama ya kimataifa pale Arusha, na bado tunauhitaji maana wanaokana mauaji yale hawajaisha.

Kinachoniuma ni jina. Jina la mpigapicha linajulikana duniani kote. La mwenye uso kwa kawaida halitajwi. Labda kulificha kulimlinda, na kama ni hivyo naliheshimu. Lakini basi wanaoichapisha, hasa kila Aprili tunapowakumbuka waliouawa, waache kuandika "mhanga wa Rwanda" halafu wakanyamaza. Waandike kwamba alikuwa Mhutu aliyeshukiwa kuwa upande wa Watutsi, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyegeuka ili tumwone.