Chungu cha Kupindua
Sisi watu wa Tanga tukitaja chakula cha Kihindi, tunawaza bajia, sambusa na biriani. Mimi hayo niliyaona ya mitaani. Nilitaka chenyewe, cha jikoni kwao, kisichouzwa. Nikamganda jamaa yangu Mgujarati, muuza spea za baiskeli, mpaka akachoka: "Bwana wee, tarehe 14 Januari njoo nyumbani. Mama amekuja kutoka Surat, anapika undhiyu."

Undhiyu ni mchanganyiko wa viazi vikuu vya zambarau, bilingani changa, ndizi, maharage mabichi na maganda yake, na vitonge vya unga na majani ya uwatu. Huko kwao hujazwa kwenye chungu, chungu kikapinduliwa, moto ukakokwa juu yake. Ni chakula cha msimu wa baridi. Sasa ifikirie Januari ya Tanga, saa saba mchana, feni inahamisha joto kutoka ukuta huu kwenda ule.

Sikuwa nimekula tangu jana yake. Nikaletewa sinia la vibakuli, nikavisafisha vyote upesi. Kwanza, bibi yangu alinifunza kuwa mgeni akibakiza, kamtukana mpishi. Pili, nilijua nyama inakuja.

Nyama haikuja. (Nyumba ile hata yai haliingii, nilikuja kuambiwa baadaye.) Aliyekuja ni mama, na sufuria. Kibakuli kikiwa cheupe tu, anakijaza. Chapati nyembamba zinazong'aa samli zinatua mbili mbili. Ananiuliza kitu kwa Kigujarati, naitikia kwa kichwa: "Ahsante, mama, ahsante." Anafurahi, anaongeza.

Kwenye chapati ya kumi na moja nikafungua kifungo cha suruali chini ya meza. Nikajaribu "nimeshiba", Kiswahili hakijui. Nikaweka mkono kifuani, "Alhamdulillahi". Akadhani nimepaliwa, akanimiminia mtindi wa maji, bilauri nzima. Jamaa yangu muda wote yuko kwenye simu anabishana na mteja wa tairi.

Neno moja nilikuwa nalikwepa: "basi". Mtoto aliyelelewa Ngamiani hamkatishi mama wa watu hivyo. Lakini alipoinua upawa tena, adabu ikaniponyoka.

"Basi! Basi, jamani!"

Upawa ukaganda hewani. "Bas?"

"Basi!"

Akatabasamu, akageuka na sufuria yake, akaenda zake jikoni.

Jamaa yangu akaweka simu chini, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Hilo neno ni letu sote, bwana! Mama alikuwa analingoja hilo tu. Kaniambia mgeni wako huyu, maskini, sijui mara ya mwisho alikula lini."

Baiskeli niliikokota mpaka nyumbani, kuipanda sikuthubutu. Bibi nikamkuta kibarazani.

"Ulikuwa wapi wewe? Nawa mikono, mjukuu wangu. Wali wako wa nazi nimekufunikia."