Bunduki ya LDU au daftari la mwenyekiti?

Wezi wa kuvunja nyumba wanapozidi katika mitaa ya Kampala na Wakiso hapa Uganda, wakazi hugawanyika: wapo wanaotaka usiku ulindwe na askari wenye bunduki wa LDU, vikosi vya ulinzi wa mitaa vilivyo chini ya jeshi, na wapo wanaotaka zamu za wakazi wenyewe chini ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa.

Wanaotaka askari wana hoja nzito, kwani mwizi mwenye panga hafukuzwi kwa filimbi, na mtu aliyeshinda sokoni kutwa hawezi kukesha barabarani bila kusinzia. Hata hivyo, LDU waliorejeshwa mitaani mwaka 2019 walilalamikiwa sana kwa kuwapiga raia, hasa wakati wa kafyu ya korona, hata Julai 2020 wakaondolewa doria ili wafunzwe upya. Askari mgeni humshuku kila apitaye gizani, awe muuguzi anayetoka zamu au mkaanga chapati anayewahi kuwasha sigiri.

Upande wa pili, mfumo wa zamani wa mayumba kumi, wa kuwapanga wakazi kwa vikundi vya nyumba kumi kumi (jirani zetu wa Tanzania watatusahihisha kwamba ni nyumba kumi) ulitegemea kujua nani analala wapi. Daftari la shule lenye jina, kazi, mtu alikotoka na simu ya jamaa yake linatosha. Linapovuja ni kwenye mizigo, na hapa sisemi mabegi, bali vile vyumba vya kupanga vya mlango mmoja, ambako mpangaji huhamia usiku na kutoweka kabla ya kodi ya pili. Mwenye nyumba hutazama fedha, haulizi barua ya utambulisho yenye muhuri wa mwenyekiti wa LC1. Naye mpangaji maskini huikwepa kwa sababu kila muhuri hulipiwa.

Zamu za wakazi nazo zina hatari yake: filimbi ikilia, umati hufika na mawe kabla ya polisi. Isitoshe, uchaguzi wa LC1 wa 2018, wa kwanza tangu 2001, ulifanywa kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, hivyo mwenyekiti anawajua waliomnyima kura, na ndiye anayeamua nani aitwe mtu asiyejulikana.

Binafsi ningeanza na daftari, mradi usajili uwe bure, mwenye nyumba awajibike kumleta mpangaji wake, na nakala ikae kituo cha polisi. LDU wabaki barabara kuu, waitwe inapobidi. Ila posho ya mwenyekiti kwa miaka mingi imekuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na anayetaka kufuta ada ya muhuri aanze kwa kuiongeza hiyo.