Mti uliosimama nao ulipiwe

Aprili 2021, machifu wa Pacheedaht, jamii ya wenyeji wa asili wapatao 300 huko kusini-magharibi mwa kisiwa cha Vancouver, Kanada, waliwaandikia barua waandamanaji waliokuwa wamefunga barabara za kuingilia bonde la Fairy Creek ili miti yake mikongwe isikatwe. Waliwataka waondoke, kwa kuwa mambo ya misitu ya Pacheedaht yangeamuliwa na Pacheedaht wenyewe. Waandamanaji wakabaki. Walikuwa na mwenyeji wao, mzee Bill Jones, naye Mpacheedaht, aliyewakaribisha na kupingana na machifu hadharani.

Ukisoma habari za sakata hili utadhani ni lazima uchague: ama uko na miti, ama uko na wenye ardhi. Mimi niko na miti, na bado naona machifu walikuwa na haki ya kukasirika. Lawama zangu nazipeleka Victoria, kwenye serikali ya jimbo la British Columbia.

Kwanza tuelewane kuhusu msitu wenyewe, maana sisi tukisikia msitu wa mvua akili hukimbilia Kongo. Huu ni wa baridi. Mvua za Pasifiki, ukungu, kuvumwani kila tawi, na mierezi ambayo mingine imepita miaka elfu moja. Mwerezi ukianguka huchukua karne kuoza, na juu ya gogo lake miche huota kwa mstari mmoja, kana kwamba kuna mtu aliyeipanga. Kampuni hujitetea kwamba zikikata hupanda upya. Ni kweli, hupanda. Ila kilichopandwa kitavunwa tena kabla hakijatimiza karne, na hilo mimi naliita shamba la mbao.

Serikali nayo ilikuwa na hesabu zake: misitu mikongwe ya jimbo ni zaidi ya hekta milioni 13, hofu ya nini? Mwaka 2020 wanasayansi watatu waliifumua hesabu hiyo wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ni miti midogo ya milimani na kwenye vinamasi. Penye udongo mzuri, panapoota yale majitu yanayogombaniwa, ni kama asilimia 3 tu ya msitu mkongwe uliobaki. Bonde la Fairy Creek lina kama hekta 1,200. Ni kipande kidogo, lakini mabonde ambayo hayajaguswa kusini mwa kisiwa hicho yamekuwa adimu mno.

Ndiyo maana watu walikubali kulala kwenye matope. Walichimba shimo katikati ya barabara ya changarawe, wakazika bomba ndani ya zege, kisha mtu analala chini, anaingiza mkono bombani na kujifunga humo kwa mnyororo. Wenyewe huuita mtego huo joka lililolala. Polisi wakija inabidi wachimbe na kukata kwa saa kadhaa, taratibu, wasimkate mtu. Mahakama ilikuwa imeipa kampuni ya mbao ya Teal-Jones, iliyotaka kuvuna huko, zuio dhidi ya waandamanaji, na kuanzia Mei 2021 waliokamatwa walipita 1,100. Hapo rekodi ya mwaka 1993 ya Clayoquot Sound, eneo jingine la kisiwa hichohicho ambako zaidi ya 800 walikamatwa wakipinga ukataji wa miti, ikavunjwa. Septemba 2021 Jaji Douglas Thompson alikataa kuongeza muda wa zuio, akitaja jinsi polisi walivyokuwa wakikiuka haki za raia. Mahakama ya rufaa ikalirudisha miezi michache baadaye.

Sasa turudi kwa machifu. Kwa zaidi ya karne magogo ya Pacheedaht yalipita mbele ya nyumba zao yakienda kuwatajirisha wengine. Walipoanza hatimaye kuambulia kitu, wakawa na kiwanda chao cha mbao, hisa kwenye leseni ya uvunaji na mgao wa mapato kutoka serikalini. Mkataba wa mgao huo una kipengele kinachowabana wasiunge mkono vitendo vya kuzuia uvunaji ulioidhinishwa. Yaani unampa mtu fedha za visiki, unamfunga mdomo, kisha unasimama pembeni ukisema tunaheshimu uamuzi wa wenyeji. Uamuzi gani huo? Na mwanafunzi aliyetoka mjini, kwenye nyumba iliyojengwa kwa mbao hizohizo, hana la kumfundisha chifu mwenye watu wanaotafuta kazi.

Wala si kwamba njia nyingine haijulikani. Kaskazini zaidi, kwenye msitu wa Great Bear, mwaka 2007 ulianzishwa mfuko wa dola milioni 120 za Kanada kwa ajili ya jamii za wenyeji: nusu ya wafadhili binafsi, nusu ya serikali kuu na jimbo. Makubaliano ya 2016 yakafunga asilimia 85 ya eneo lenye misitu dhidi ya uvunaji wa viwandani. Yalichukua takriban miaka 20 ya kuvutana, na ile asilimia 15 bado inakatwa, kwa hiyo nisiyapake asali. Hata Clayoquot, Juni 2024 jimbo lilitangaza hifadhi mpya za hekta zipatazo 76,000 pamoja na jamii za Ahousaht na Tla-o-qui-aht. Miaka 31 baada ya wale 800 kupelekwa mahakamani!

Fairy Creek imepewa nini? Muda tu. Juni 2021 Pacheedaht na majirani zao wawili, Ditidaht na Huu-ay-aht, waliomba uvunaji wa miti mikongwe usimame kwa miaka miwili. Serikali ikakubali, na tangu hapo imekuwa ikisogeza tarehe mbele. Teal-Jones yenyewe iliomba kinga dhidi ya wadai wake mwaka 2024. Basi kipengele kile cha kufunga midomo kifutwe, na mfuko kama wa Great Bear uwekwe mezani kwa Pacheedaht kabla tarehe haijasogezwa tena. Wakishapewa fedha za kuuacha mti kama wanazopewa za kuukata, na bado wakaamua kuukata, hapo nitakubali kwamba ni uamuzi wao.