Kimbunga Kenneth Hakikutudanganya

Tarehe 25 Aprili 2019 mama yangu alishinda juu ya mkeka kwenye baraza ya shule moja hapa Mtwara, mzigo wake pembeni, akiniuliza kila baada ya nusu saa: "Mwanangu, huo upepo wenyewe uko wapi?" Tulikuwa tumeambiwa tuliokaa mabondeni tuhamie sehemu salama, nasi tukahama. Jioni tukarudi. Hakuna bati lililong'oka mtaani kwetu. Wiki nzima maneno yakawa hayo hayo, sokoni, kwenye daladala, kwenye foleni ya maji: watu wa hali ya hewa wametudanganya, tumehangaika bure.

Hatukudanganywa. Jioni ile ile Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kwa upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa. Kisiwa cha Ibo na mji wa Macomia vilipigwa vibaya, nyumba zikalala chini. Ni kilomita zipatazo 200 tu kusini mwa Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma, kwa watu wanaosema Kimakonde kama sisi, wanaovuka mto kuja kuzika na kuozesha. Na hiyo ilikuwa wiki sita tu baada ya Kimbunga Idai kupiga Beira na kuua mamia ya watu. Kwa hiyo mtu akiniambia kimbunga cha mwaka ule hakikuja, namjibu kwamba kilikuja, ila kilibisha hodi kwa ndugu zetu.

Jambo hili linaniuma kwa sababu nimeona lilivyotuharibu. Mwaka 2021 kikatangazwa Kimbunga Jobo, kikadhoofika kabla ya kufika pwani yetu. Watu wakacheka tena. Mei 2024 ilipotangazwa Hidaya, jirani yangu alinikuta nimesimamia kazi ya kufunga paa akasema, "Dada, unajichosha. Kitapita kama vile vingine." Hidaya kikafika Mafia tarehe 4 Mei. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisitisha safari. Mvua iliyokuja nayo ikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, kule Kilwa, na sisi wa kusini tukabaki upande wetu, malori ya mizigo upande wao. Upepo wenyewe hatukuuona sana hapa mtaani, lakini dukani tuliuona.

Tuelewe hesabu ya hawa watabiri. Kimbunga kikisogea digrii moja tu ya latitudo, kimehama kilomita 111. Kwa kitu chenye upana wa mamia ya kilomita kinachotembea baharini, hilo si kosa kubwa. Kwetu sisi ni tofauti ya nyumba kusimama na nyumba kuanguka. Hakuna atakayekuambia siku tatu kabla kwamba kitapita mtaa wako na kuuacha wa jirani. Unaambiwa mkoa, nawe unaandaa nyumba.

Wapo wanaosema pwani yetu si ya vimbunga. Ni kweli ni nadra, maana tuko karibu na ikweta na Madagaska inatukinga kwa upande. Lakini Zanzibar ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872: vyombo vya Sultani Barghash vikazama bandarini na mikarafuu ya Unguja ikaangushwa kwa wingi, ndipo Pemba ikashika uongozi wa karafuu. Miaka 80 baadaye, tarehe 15 Aprili 1952, ikawa zamu ya Lindi. Nadra si kamwe.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa kimbunga usingoje mawingu. Siku moja au mbili kabla, anga linaweza kuwa jeupe na bahari ya kuvutia, na hiyo ndiyo siku ya kazi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa ngazi: Angalizo, kisha Tahadhari, kisha Tahadhari Kubwa. Mimi naanza kwenye Angalizo. Ikifika Tahadhari Kubwa fundi hapatikani, na mkwezi hapandi mti.

Naanza na paa, kwa sababu nyumba nyingi za kwetu hufia hapo. Upepo haulisukumi bati kwa juu tu. Huingia kwa chini, pale kwenye ukingo wa paa uliochomoza nje ya ukuta, ukalinyanyua. Bati la kwanza likishatoka, mengine hufuata kama kurasa za daftari, na ukuta usio na linta hufuata nyuma. Kwa hiyo mistari ya misumari ya pembezoni ndiyo ya kuongeza, si ya katikati. Ndani, kenchi zifungwe ukutani kwa waya wa kufungia nondo, ule ule unaouzwa kwa kilo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Na ninaomba sana, mawe na matairi tuliyozoea kuyatupia juu ya bati tuyashushe. Upepo wa kawaida wa kusi huyaacha pale, wa kimbunga huyageuza silaha. Bora viroba vya mchanga vilivyofungwa vizuri. Mwenye nyumba ya makuti naye asikate tamaa: mzee mmoja wa mtaa wa wavuvi alitandaza nyavu chakavu juu ya paa lake lote na kuzifunga kwenye vigingi vya mkangazi alivyovichimbia chini. Sijaona kazi nzuri kuliko ile.

Halafu minazi. Hili silisikii likisemwa redioni na linanishangaza, maana huku kila ua una mnazi. Nazi inayodondoka yenyewe hutoboa bati. Inayorushwa na upepo sitaki kuifikiria. Mwite mkwezi aangue zote, komavu na madafu, na akate makuti yaliyokauka. Mwembe ulioegemea nyumba upunguzwe matawi.

Vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mtoto, kitambulisho cha taifa, hati ya kiwanja, dawa za mzee wa presha: zamani tulivifunga kwenye mfuko wa rambo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019, basi nimehamia kwenye ndoo tupu ya rangi ya ukuta, yenye mfuniko unaobana. Haiingizi maji, na ikibidi kukimbia ina mpini. Ndani nimeweka pia tochi, redio ndogo na betri zake. Simu zote zinachajiwa mapema, na upepo ukianza nazima umeme kwenye mainswichi.

Chakula kila mama anajua la kufanya: mchele, dagaa wakavu, unga, tende. Mkaa uwe ndani, pasipovuja. Maji ndiyo ya kufikiria zaidi. Mafuriko yakipita, choo cha shimo na kisima huwa kitu kimoja. Jaza madumu yote kabla, funika kisima, na baada ya hapo usinywe chochote kisichochemshwa hata kama kinaonekana safi.

Kuna jambo wavuvi wanalijua na sisi wa nchi kavu hatulijui: katikati ya kimbunga kikali kuna utulivu. Upepo hukatika ghafla, watu hutoka kutazama, kisha hurudi kutoka upande wa pili kwa nguvu ile ile. Kaeni ndani mpaka taarifa itolewe.

Ninachokidai kwa sauti ni haki ya wapangaji. Nimewahi kukaa chumba ambacho mwenye nyumba alikataa niongeze misumari kwa fedha yangu mwenyewe, akisema nitamtobolea bati. Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita, familia sita, watoto kumi na mmoja. Serikali za mitaa zinajua nyumba za aina hii zote. Mwenyekiti azipitie kabla ya Novemba, msimu haujaanza, amwambie mwenye nyumba mbele ya wapangaji wake kipi kifungwe. Na ajue kwa majina ni bibi yupi atabebwa, mjamzito yupi ahamishwe mapema, na ufunguo wa shule anao nani. Mwaka 2019 tulisubiri ufunguo huo nje kwa muda mrefu, wazee wamesimama juani.

Mama bado ananikumbusha siku ile ya mkeka. Haiiti hasara. Anasema alipata siku nzima ya kukaa na wajukuu. Jumamosi fundi anakuja kumalizia upande wa jikoni, na mkwezi nimeshamlipa nusu.