Dawa ya Kiuno

Mwaka jana, wakati watu wa rika langu wananunua mashamba Kahe, mimi niliagiza kioo. Fundi wa madirisha wa hapa Moshi alinikatia vipande vitano akaviunganisha kwa silikoni: sentimita 60 kwa 30, kimo 36. Alipomaliza akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake, akaniuliza, "Maandazi unaanza kuuza lini, bosi?"

Nikamweleza kwamba si kabati la maandazi, ni tangi la kufugia kamba. Akanitazama mimi, akatazama mlima, kama mtu anayepiga hesabu ya safari kutoka hapa hadi baharini. Nikamwambia hawa si wa baharini, ni kamba wa maji baridi.

"Aa, basi hapa wamefika," akasema. "Maji ya huku ni baridi kweli."

Ugonjwa wenyewe niliupata kwenye simu, kwa kutazama kazi za Takashi Amano, yule Mjapani mpiga picha aliyefariki 2015. Yeye alikuwa anapanga mimea, mawe na magogo ndani ya maji mpaka tangi linafanana na msitu uliofunikwa na mafuriko ya amani. Hata kuna aina ya kamba iliyopewa jina lake, kwa sababu aliwatumia kumsafishia mwani. Nikajiambia, kama Mjapani ameweza, mimi niliyezaliwa chini ya Kilimanjaro nashindwaje?

Mawe hayakunisumbua. Mawe meusi ya volkano, yenye vitundu kama mkate wa kumimina, huku kwetu yamejaa kila kiwanja kinachochimbwa msingi. Mchanga niliuosha mpaka vidole vikakunjamana. Gogo ndilo lililoniponza.

Nilitaka mzizi wenye matawi, unaoinuka majini kama mkono. Nikaupata kwa jirani aliyekuwa aking'oa kisiki cha mpera kilichokufa zamani, kikavu mpaka ukikigonga kinalia. Sasa mti mkavu una kasoro mbili. Ya kwanza, unaelea: unaupanga vizuri usiku, asubuhi unaukuta juu ya maji umeng'oa na mimea yako. Ya pili, unatoa tanini, ileile iliyomo kwenye majani ya chai, na tangi zima linakuwa chai ya rangi. Dawa yake ni kuuchemsha kwa masaa, kumwaga maji, kuchemsha tena.

Sufuria lililotosha lilikuwa moja tu, lile la mke wangu la pilau ya sherehe. Mazungumzo yaliyofuata siyaweki hapa.

Nikachemsha siku tatu nyuma ya nyumba, kwenye jiko la mkaa. Jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama ni makongoro. Usiku wa siku ya tatu nililiepua sufuria, nikaliacha palepale lipoe, bila mfuniko, mizizi imechomoza kwenye maji ya kahawia. Nikaenda kulala.

Sasa, jioni hiyohiyo baba mkwe alikuwa ameshuka kutoka Kibosho kwa shughuli zake za mjini, akalala kwetu. Yeye saa kumi na moja alfajiri yuko macho. Nilipotoka kwenda kumwamkia nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, kikombe cha bati mkononi, kinatoa mvuke. Alikuwa amejipashia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Akafuta masharubu. "Ni nzuri. Ila msesewe hujaweka."

Msesewe ni lile gamba la mti linaloipa mbege, pombe yetu ya ndizi, uchungu wake. Mzee alikuwa ananipa ushauri wa kitaalamu.

Baadaye nilijua kwamba alimuuliza kwanza mjukuu wake, maana si mtu wa kunywa kitu ovyo. Glory ana miaka sita na hajui kusema uongo. "Ni mizizi ya baba," alimjibu. "Anaichemsha kila siku."

Baba mkwe akanivuta karibu, akashusha sauti. "Usione haya, mwanangu. Mwanamume akifika arobaini mambo hayo yapo. Mimi nimekunywa kwa ajili ya kiuno tu." Akanyamaza kidogo. "Kiuno kwa ujumla."

Nilitafuta namna ya heshima ya kumwambia mkwe kwamba amekunywa maji yaliyotokana na kusafisha pambo la tangi. Haipo. Nikasema, "Ndiyo, baba." Jikoni mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanacheza.

Akapanda daladala la Kibosho na chupa ya lita moja na nusu imejaa. Mimi siku hiyo sikufanya kazi ya maana, nilikuwa nasoma habari za mpera. Nikapoa kidogo nilipokuta kwamba wafugaji wa kamba hutumbukiza majani makavu ya mpera makusudi, kamba wanayala na hawadhuriki. Nikajipa moyo kwamba mzee wa Kibosho hashindwi na kamba. Baada ya siku mbili akapiga simu. Kiuno kimelegea. Amepalilia mistari minne ya kahawa bila kupumzika. Dawa imekwisha.

Nikasema mizizi bado inapumzishwa. Ulikuwa ukweli. Ilikuwa tayari chini ya maji, imebanwa na mawe, na juu yake nimefunga kwa uzi mmea uitwao anubiasi, ambao asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati na ambao ukiuzika mchangani unaoza shina.

Kisha nikasubiri, na hapa ndipo wengi wanapoua wanyama. Maji mapya yanang'aa lakini hayana bakteria wa kutosha wa kugeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wao, kuwa nitraiti, na nitraiti kuwa nitreti isiyo kali. Kazi hiyo huchukua kama wiki nne hadi sita. Ukiweka kamba siku ya kwanza umepika supu bila moto. Kwa wiki tano wageni wangu waliletwa mbele ya tangi lenye taa, pampu inayotoa mapovu, na hakuna kiumbe.

"Samaki wako wapi?"

"Kwa sasa ni bakteria."

Walikuwa wananipa pole.

Kuagiza nako kulikuwa na mambo. Nilimwandikia muuzaji wa Dar es Salaam: "Naomba kamba nyekundu ishirini." Akajibu haraka: "Za manila au za katani?" Kumbe anauza na vifaa vya ujenzi. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa shule ya msingi alinichapa sana juu ya upatanisho, nami sikumwelewa mpaka siku hiyo. Nikaandika upya: kamba *wekundu*.

Wakafika kwa basi, kwenye mfuko wenye maji nusu na hewa nusu. Wadogo kweli, mkubwa hafiki sentimita tatu, asili yao pande za Taiwan na China. Niliwazoesha maji yangu kwa mpira mwembamba, tone kwa tone, kwa saa mbili. Siku ya nne nikakuta maiti, mweupe, ametulia juu ya jiwe. Nikampigia muuzaji kwa ukali. Akacheka mpaka akakohoa: huyo hajafa, amevua gamba ili akue, na mwenyewe kajificha mahali mpaka jipya liwe gumu. Nikamtafuta. Alikuwa chini ya mzizi wa mpera, anaona aibu.

Mzizi huo waliupenda. Ulifanya utando laini na wao walishinda juu yake wakichuna kwa vimikono, kama akina mama wanaochambua mchele. Mmoja akaanza kubeba mayai chini ya mkia. Nikawa naamka usiku kumtazama.

Jumamosi moja nikasikia hodi. Baba mkwe, na wazee wenzake wawili wenye makoti, na dumu tupu la lita tano.

Aliingia, akasalimiwa, akaliona tangi. Akasimama mbele yake muda mrefu.

"Kumbe mmeihamishia humu."

"Baba, hii ni..."

"Na taa mmeiwekea." Akawageukia wenzake. "Mnaona mambo ya waliosoma? Sisi tunalaza kwenye kibuyu." Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. "Glory, mletee babu kikombe."

Glory akiambiwa aoge haendi. Kikombe kilifika kabla sijainuka kwenye kochi. Mzee akapandisha mkono wa koti, akachota kando kabisa ya mzizi, pale dawa ilipo kali, akakisogeza kikombe kwenye mwanga wa dirisha.

Ndani yake yule jike mwenye mayai alikuwa anazunguka, mwekundu, antena zimesimama. Mzee akamtazama. Naye akamtazama mzee.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, ili wenzake wasisikie, "huyu anamezwa au anatafunwa?"